Saa 8 ya Kizungu

Wadogo zangu mnaojiunga na gazeti la wanafunzi mwaka huu, karibuni. Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dodoma. Tangazo la kusaini bumu, yaani pesa za mkopo wa wanafunzi, lilitoka kwa Kiingereza: dirisha wazi 8:00 hadi 12:00. Nikalitafsiri nikiwa kwenye foleni ya chipsi, nikaandika "saa 8 hadi saa 12", nikatuma kwenye magrupu yote. Siku yenyewe, saa 8 mchana, jua la Oktoba mnalijua, watu wamejazana mbele ya dirisha lililofungwa tangu saa 6. Dada mmoja alikuwa ametembea kutoka Swaswa kwa kukosa nauli. Amekaa kwenye ngazi, viatu kavua, anasoma simu, anatazama dirisha, anasoma tena. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kaka, hii uliandika wewe?"

Saa nimejifunza kusoma tangu shule ya msingi, ndiyo maana sikurudi kuhakiki. Habari ya fedha za serikali ya wanafunzi ungenikuta nimeisoma mara tano, maana naiogopa. Makosa yaliyoniumbua yote yalitoka kwenye mambo niliyodhani nayajua.

Na mji huu una mitego yake. Ukiandika "Chamwino", unamaanisha kata iliyo hapa mjini au wilaya yenye Ikulu? Ukiandika watu wa "Dodoma", ni jiji au mkoa? Sensa ya 2022 iliupa mkoa watu 3,085,625, na jiji 765,179. Niliwahi kuona makala ya mwenzetu, nzuri kabisa, juu ya shida ya maji mjini, kachukua idadi ya mkoa akaigawia mabomba ya jiji. Msomaji mmoja aliyefahamu takwimu aliishia aya ya pili.

Bungeni ndiko wageni huteleza zaidi. Muswada ukisomwa kwa mara ya kwanza, mtu anakimbilia kichwa cha habari: "Bunge lapitisha sheria". Hapana. Bado kuna kamati, bado kusomwa mara ya pili na mjadala, mara ya tatu, halafu Rais asaini. Kabla ya saini hiyo andika muswada. Na maneno ya mbunge usiyachukue kwenye klipu ya sekunde thelathini iliyokatwa na mtu usiyemjua. Taarifa Rasmi, yaani Hansard, ipo kwenye tovuti ya Bunge. Ndefu, inachosha, lakini utaona alijibu swali gani, na mara nyingi swali ndilo linalogeuza maana yote. (Tazama pia inavyoandika muda: mkutano ulianza saa tatu asubuhi. Hilo neno "asubuhi" lingeniokoa.)

Majina sitayasemea sana. Mpe mwenyewe daftari aandike jina lake. Basi.

La kusahihisha ndilo gumu. Siku ile mhariri wetu alitaka tufute ujumbe kimyakimya na kutuma mpya. Tukafuta. Lakini ulishasambazwa hadi magrupu ya vyuo vingine, huko hatuna mkono, na waliobaki na picha ya ujumbe wa kwanza wakaanza kusema tunaficha. Kesho yake tukabandika kwenye ubao wa matangazo karatasi ya maneno machache: tuliandika saa 8, ilikuwa saa 2 asubuhi, kosa letu, walioathirika waje ofisini tuwasindikize kwa mhasibu. Walikuja watu 11. Ofisi yenyewe ina viti vitatu, wengine wakasimama nje. Wapo waliokuja kutusema tu, na tuliwasikiliza. Ningekuwa mimi leo, karatasi ile ingetoka jioni ileile, na ingetumwa kwenye magrupu yaleyale, si ubaoni peke yake.

Mhasibu aliongeza siku moja. Yule dada wa Swaswa akasaini.

Ila mpaka namaliza chuo, kila tulipotoa tangazo lenye muda, simu ya ofisi iliita. Mtu hajitambulishi, hasalimii, anauliza: "Hiyo saa ni ya Kiswahili au ya Kizungu?"