Asilimia 28 kwenye kompyuta: ishuku kwanza volteji

Ndugu, umesema SCAPS, programu ya kuiga seli za sola kwenye kompyuta, imekupa ufanisi wa asilimia 28 kwa seli ya sola ya CZTS (kampaundi ya shaba, zinki, bati na salfa inayofyonza mwanga), ukauliza kama uongeze unene wa tabaka ili upate zaidi. Unene uache. Mikromita 1 hadi 2 zinatosha, maana CZTS hufyonza mwanga vizuri sana.

Itazame volteji ya saketi wazi, yaani ile ya seli isipotoa mkondo. Pengo la nishati la CZTS (nishati ya chini kabisa ya kuifungua elektroni ili isafiri) ni takribani elektroni-volti (eV) 1.5, lakini seli halisi, hata zile nzuri, hutoa volti 0.7 hivi. Yako imetoa ngapi? Nakisia imepita 1. Ziada hiyo imetokana na kasoro ulizoziacha nje: shaba na zinki hubadilishana nafasi kwenye fuwele, bati nalo huvamia nafasi ya zinki likanasa elektroni, ambazo huishi nanosekunde chache tu, pengine pungufu. Ziweke kasoro hizo ndani ya tabaka, kisha weka nyingine kwenye mpaka wa CZTS na CdS (kadimi salfaidi, tabaka jembamba linalokaa juu ya CZTS). Huo mpaka wengi huusahau (mimi niliusahau miezi mizima). Ukingo wa bendi ya upitishaji (ngazi ya nishati ambako elektroni husafiri) ya CdS hukaa chini ya ule wa CZTS, na volteji hupotelea hapo.

Kabla ya kubuni chochote, modeli yako irudie kwanza mkunjo wa mkondo na volteji wa seli iliyokwisha kupimwa maabara. Ikishindwa, hizo 28 ni za karatasi tu. Ikifaulu, jaribu kuweka oksidi ya zinki na bati mahali pa CdS.