Swali la namba tasa: Cocks, RSA, na swali la baba

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu chuo, nasoma hisabati. Kwenye nadharia ya namba tumefundishwa RSA, ile njia ya kuficha ujumbe kwa kutumia namba tasa, tukaambiwa imebuniwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977. Halafu nikasoma kwamba Mwingereza mmoja, Clifford Cocks, aliipata 1973 akanyamaza. Ni hesabu ileile au ni hadithi tu? Na hiyo ya Cocks ni kazi gani hasa? Kila likizo baba ananiuliza nitaajiriwa na nani na namba tasa zangu, nami sina la kumjibu. (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Marahaba. Si hadithi, na hesabu ni ileile kwa sehemu kubwa. Tofauti ipo ndogo, na hiyo ndogo ndiyo tamu.

Cocks alimaliza Cambridge, akaenda Oxford kuanza shahada ya uzamivu katika nadharia ya namba, akaiacha njiani. Septemba 1973, akiwa na miaka 22, akaajiriwa GCHQ, idara ya serikali ya Uingereza inayosikiliza mawasiliano ya wengine na kulinda ya kwao. Alikabidhiwa kwa mwenyeji wa kumwonyesha kazi, Nick Patterson, naye mwanahisabati. Siku moja Patterson akamdokezea wazo lililokuwa limewakaa wenzake kooni. Mzee mmoja wa mle ndani, James Ellis, alikuwa ameandika mwaka 1970 kwamba inawezekana watu wawili kuwasiliana kwa siri bila kwanza kukabidhiana ufunguo. Ellis alijua kufuli la namna hiyo linawezekana, ila hakuwa na hesabu ya kulitengeneza. Lilitakiwa jambo lililo jepesi kwenda na gumu kurudi.

Cocks alikuwa ametoka kwenye namba tasa juzi tu. Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua, kuzitenganisha ukishapewa zao lake ni kilio. Jioni hiyo alikuwa kwenye chumba alichopanga, na kanuni za kazi zilimkataza kuandika chochote cha ofisini akiwa nyumbani. Akaihesabu kichwani, akalala nayo, kesho yake akaiandika. Kwa maelezo yake mwenyewe haikumchukua zaidi ya nusu saa. Hati yake ina tarehe 20 Novemba 1973.

Sasa chukua kalamu. Katika RSA uliyofundishwa, unachagua kipeo cha kusimbia (kufichia ujumbe), e, halafu unakitangaza pamoja na n, yaani zao la namba tasa zako mbili, p na q. Cocks hakuchagua kipeo chochote: alitumia n yenyewe. Tuseme p ni 3 na q ni 11, hivyo n ni 33. Sharti lake ni kwamba 3 isiigawe 10, na 11 isiigawe 2, nalo limetimia. Nataka kukutumia namba 20. Naipandisha hadi kipeo cha 33, nagawanya kwa 33, nachukua baki: 14. Hilo analiweza yeyote, maana 33 iko hadharani.

Kurudi ndiko kunakotaka siri. Wewe unayezijua 3 na 11 unatafuta namba ambayo ukiizidisha kwa 3 kisha ukagawanya kwa 10, inabaki 1. Ni 7. Upande wa 11: 14 inabakiza 3, na 3 kwa kipeo cha 7 ni 2,187, ambayo ukiigawanya kwa 11 inabaki 9. Upande wa 3 kipeo chake ni 1, kwa hiyo unasoma tu baki ya 14, ambayo ni 2. Namba gani chini ya 33 inabakiza 9 kwa 11 na 2 kwa 3? Ni 20. Ukiuliza kwa nini inafanya kazi, ni teoremu ndogo ya Fermat na teoremu ya mabaki ya Wachina, zote mbili umeshazifanyia mtihani.

Kwa hiyo ya Cocks ni RSA ambayo e yake ni n. Watatu wale wa 1977, Rivest na wenzake, walikiachia kipeo uhuru, na uhuru huo una faida. Leo wengi hutumia e ya 65,537, ambayo huhitaji kuzidisha mara 17 tu. Ukiwa na n ya biti 2,048, kipeo cha Cocks kingekutaka uzidishe zaidi ya mara 2,000. Fikiria kompyuta za 1973.

Basi GCHQ wakaiweka kabatini. Rafiki wa Cocks tangu sekondari, Malcolm Williamson, aliyekwenda naye Olimpiadi ya Hisabati ya Moscow mwaka 1968, alijaribu kuitoboa akashindwa. Katika kuhangaika huko, mwaka 1974 akapata njia nyingine ya kukubaliana ufunguo, hiyo ambayo sote tunaiita ya Diffie na Hellman, waliyoichapisha 1976. Nayo ikaingia kabatini. Kabati halikufunguliwa mpaka Desemba 1997, Cocks aliposimama mbele ya watu tarehe 18 na kueleza. Ellis alikuwa amefariki tarehe 25 Novemba. Alikosa siku 23.

Ukiniuliza nani apewe sifa, nitakujibu hivi: Cocks alitangulia, hilo halina mjadala. Lakini hati za GCHQ hazikugusa saini ya kidijitali, yaani kutumia ufunguo wa siri kuthibitisha kwamba ujumbe ni wako kweli. Hiyo waliiona Diffie na Hellman, na Rivest na wenzake wakaitengenezea hesabu. Kadi ya benki yenye chipu inapojithibitisha kwa mashine, ni saini hiyo. Mimi kazi yangu ni funguo za mifumo ya malipo, na sehemu kubwa ya siku yangu inakwenda kwenye saini, usiri unafuata nyuma. Kwa hiyo wale wa 1977 siwanyang'anyi kitu.

Sasa baba. Mwambie kwanza habari za huyo Patterson, kwa sababu kazi ya namna hii haimfungi mtu mlango mmoja. Kutoka GCHQ alikwenda Marekani, akafanya tena hesabu za siri, akahamia kampuni ya uwekezaji ya Renaissance Technologies, kisha akaingia kwenye jenetiki, katika taasisi ya utafiti ya Broad Institute. Huko amefanya kazi na kundi la David Reich, mtafiti wa DNA za kale, na mbinu za takwimu alizosaidia kuziunda za kupima kuchanganyika kwa jamii za kale zimekuwa vitendea kazi vya kawaida. Kundi hilohilo la Reich lilishiriki uchambuzi uliochapishwa 2023 wa mifupa kutoka makaburi ya kale ya Waswahili, Mtwapa, Manda na Songo Mnara yakiwemo. Mtu alianza na mafumbo ya serikali, akaishia kwenye mambo ya mababu. Baba wa Dodoma atakuwa na la kusema hapo.

Pili, mwambie ukweli: kwetu huku tangazo la kazi lenye neno "mwanahisabati" utalitafuta kwa tochi. Utaajiriwa kama afisa wa usalama wa mifumo, benki, kampuni ya simu au mamlaka ya serikali, na hisabati utaiingiza mwenyewe mlango wa nyuma. Nikupe mfano. Miaka kadhaa nyuma taasisi moja, ambayo siitaji, ilininyooshea funguo za hadharani za vifaa vyake ili nizikague. Kila ufunguo peke yake ulikuwa mzuri, mrefu, hakuna wa kuutenganisha. Nikafanya hesabu ya darasa la sita: Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS, ya kila jozi. Jozi kadhaa zikatoa namba kubwa kuliko 1.

Ukitaka kuona kwa nini hiyo ni balaa, chukua 33 na 77. KKS ni 11. Papo hapo funguo zote mbili zimevunjika, na hukuhitaji kutenganisha chochote. Vifaa vile vilipowashwa mara ya kwanza havikuwa na njia ya kutosha ya kuchagua namba kwa kubahatisha, vikachagua namba tasa zilezile. Na si wao tu. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti walikusanya mamilioni ya funguo kutoka intaneti, wakakuta maelfu zenye ugonjwa huo. Kwa njia ya haki, yaani kutenganisha hasa, rekodi ya Februari 2020 ni namba ya tarakimu 250, iliyokula kama miaka 2,700 ya kiini kimoja cha kompyuta. Kwa KKS, njia ya Euclid, Mgiriki wa kale, inamaliza kabla chai haijapoa. Yule mhandisi aliyenipokea alidhani nimeiba funguo zao.

Huo ndio ufundi wenyewe: kujua ni wapi hesabu ngumu imeachiwa upenyo wa hesabu nyepesi. Na upenyo wakati mwingine uko mbali kabisa. Julai 2022 Wouter Castryck na Thomas Decru, wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, waliuvunja mfumo ulioitwa SIKE, uliokuwa umefika mbali kwenye mchujo wa Marekani wa kutafuta usimbaji wa kuhimili kompyuta za kwantamu. Walitumia kompyuta ya kawaida, kiini kimoja, kama saa moja hivi. Silaha yao ilikuwa teoremu ya Ernst Kani ya mwaka 1997, iliyokaa robo karne bila mtu wa usimbaji kuigusa. Wahandisi hodari walikuwa wameukagua mfumo huo miaka mingi. Walioutoboa ni watu waliokuwa na hisabati hiyo kichwani, kama Cocks alivyokuwa na namba tasa zake.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaowaambia vijana waache nadharia wakimbilie vyeti vya usalama wa mitandao. Cheti utakipata kwa miezi mitatu ukiwa kazini. Aljebra ya magurupu, mipete na sehemu (groups, rings, fields) ukiikosa chuoni, sijaona mtu akairudia akiwa na mshahara na watoto. Usiogope pia kwamba kwantamu itaua fani. Kweli, tangu 1994 tunajua kwa hesabu ya Peter Shor kwamba kompyuta kubwa ya namna hiyo ingeimaliza RSA. Lakini viwango vipya vilivyotangazwa Marekani Agosti 2024 navyo vimejaa namba. Kimoja wapo, ML-KEM, cha kukubaliana ufunguo, kinafanya hesabu zake zote kwa mabaki ya namba tasa 3,329, iliyochaguliwa kwa sababu ukitoa 1 unapata 13 mara 256. Kaa na hiyo jioni moja uone 256 inasaidia nini.

Mwaka huu fanya haya: jifunze kuandika programu kidogo, Python inatosha, na weka PARI/GP, programu ya hesabu za nadharia ya namba, kwenye kompyuta yako. Ni ya bure, imetoka Bordeaux, na inazijua namba tasa kuliko mimi na wewe. Ukitaka kuendelea na shahada ya uzamili, tazama AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ya Kigali.

Na nikupe kazi ya likizo, baba akiwepo. Kwa njia ya Cocks, n ikiwa 77, nimesimba namba nikapata 3. Nitumie namba yenyewe pamoja na vile vipeo viwili vya kurudia.