Maswali na Majibu: Kurudi Dodoma Baada ya Mwaka wa Kujitolea Ujerumani

Mpango wa weltwärts ulianzishwa na serikali ya Ujerumani mwaka 2008 ili kuwapeleka vijana wa nchi hiyo kufanya kazi za kujitolea nje. Tangu mwaka 2013 unawapokea pia vijana wa nchi washirika, wakiwemo Watanzania, ambao hufanya kazi Ujerumani kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Kabla ya kuondoka kijana hufundishwa lugha, hueleweshwa kuhusu baridi na husaidiwa kupata viza. Kurudi hakuzungumzwi sana, na ndiyo maana wiki hii nimeyaweka pamoja maswali ya waliorudi na ya wazazi wao.

Nimerudi nyumbani Nkuhungu baada ya mwaka mzima wa kuhudumia wazee katika makao yao huko Ujerumani. Nilikuwa nikiihesabia siku safari ya kurudi, lakini sasa ninajiona mgeni katika nyumba niliyokulia. Makelele yananichosha, mtu akichelewa ninakasirika, na rafiki zangu wakiniuliza habari za huko hubadilisha mazungumzo kabla sijamaliza kujibu. Je, nina tatizo?

Binti yangu, huna tatizo, na wala hujakosa shukrani kwa watu wako. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alieleza mshtuko unaompata mtu anapoingia katika utamaduni mgeni. Miaka mitatu baadaye John na Jeanne Gullahorn wakaonyesha kwamba mtu huyohuyo, akirudi kwao, hupitia hali hiyo kwa mara ya pili: kwanza furaha ya kupokelewa, kisha uchovu na upweke, halafu kuzoea kidogo kidogo. Mara ya pili huwa nzito kwa sababu hakuna anayeitarajia. Ulipofika Ujerumani kila mtu alijua kuwa wewe ni mgeni na akakuvumilia ulipokosea, lakini uliposhuka stendi ya Dodoma kila mtu alidhani kwamba unajua kila kitu, nawe ulidhani hivyohivyo.

Kuna jambo jingine ambalo nimeliona kwa vijana wengi wanaorejea, nalo ni kwamba huzuni yao haitokani sana na kuikosa Ujerumani bali na kukosa watu wanaowategemea. Katika makao ya wazee ulikuwa na zamu, na ulikuwa na bibi fulani ambaye asingepata chai yake bila wewe. Hapa unaamka, unafagia uwanja, na siku nzima bado iko mbele yako. Kwa hiyo usisubiri ajira ndipo uwe na ratiba. Nenda zahanati, kanisani, msikitini au shule ya msingi iliyo karibu, uombe kazi yenye siku na saa maalumu, hata kama ni asubuhi mbili tu kwa wiki. Wapo wazee Nkuhungu wanaohitaji kugeuzwa kitandani, kuogeshwa na kulishwa kwa heshima, na ndugu zao wangefurahi kufundishwa namna ya kumwinua mgonjwa bila kuumiza mgongo, ujuzi ambao wewe unao tayari.

Kuhusu rafiki zako, usiwalaumu. Mwaka wako ni mkubwa mno kwao kuupokea kwa mara moja, na wao pia wamekuwa na mwaka ambao hujawauliza. Waulize kwanza. Watafute pia waliokwenda na kurudi kabla yako, kwa maana hao hawatachoka kukusikiliza. Lakini ukiona usingizi umepotea, chakula hakipiti na huna hamu ya jambo lolote kwa zaidi ya wiki mbili, nenda kituo cha afya useme hivyohivyo ulivyoniandikia. Usiogope wakikupa rufaa ya kwenda Hospitali ya Mirembe, kwa sababu huduma za afya ya akili ni za kila anayezihitaji, na watu wetu wamechelewa mno kulikubali jambo hilo.

Mimi ni wa Kongwa. Tangu nirudi, ndugu wanadhani nina fedha. Baba mdogo ameniomba mtaji wa duka, shangazi anataka ada ya mwanawe, na nikisema sina wananiona mchoyo. Nimefikiria kukopa ili nitoe japo kidogo. Nifanye nini?

Usikope. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu mkopo wa kulinda heshima hulipwa kwa miaka, na aliyepewa atarudi tena akiwa na hakika zaidi kwamba unazo.

Ndugu zako hawana nia mbaya. Wanajua kwamba aliyekwenda Ulaya amekwenda kutafuta, na hakuna aliyewaeleza vinginevyo. Waeleze kwamba kijana anayejitolea Ujerumani halipwi mshahara. Hupewa posho ya matumizi madogo, ambayo sheria ya nchi hiyo imeiwekea kikomo, pamoja na malazi na chakula au fedha kidogo badala yake, na nauli ya treni au jozi ya viatu vya baridi ikitoka humo kinachobaki ni kidogo sana. Kama una mkataba wako, utoe, umsomee baba mdogo kiasi kilichoandikwa. Watu wazima wanaheshimu karatasi kuliko malalamiko.

Hata hivyo, usiyaseme haya kwa mmoja mmoja, maana kila mmoja atadhani mwenzake amepewa. Mwendee mkubwa mmoja ambaye ukoo unamsikiliza, labda baba mkubwa au bibi mzaa baba, umweleze yote faraghani, kisha umwombe aitishe kikao na aseme yeye. Neno la kukataa linalotoka kwa mkubwa halimvunjii mtu heshima kama linavyofanya likitoka kinywani mwa kijana. Katika kikao hicho toa kile unachoweza kutoa kwa kweli. Mtoto wa shangazi anaweza kufundishwa kompyuta au hesabu jioni, na baba mdogo anaweza kusaidiwa kuandika mpango wa duka lake. Kama una rika lako wanaotaka kufanya kazi pamoja, ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ya mapato hayo hutengwa kwa vikundi vya vijana.

Nimehitimu Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha nikafanya kazi ya kujitolea katika shule ya chekechea huko Ujerumani. Waajiri wanauona mwaka huo kama pengo. Niuandikeje katika wasifu?

Uandike kama kazi, kwa sababu ilikuwa kazi. Taja umri wa watoto, ukubwa wa kundi, saa zako na mambo uliyoachiwa uyafanye peke yako. Sheria ya Ujerumani inayosimamia huduma hii inampa mhusika haki ya kupata cheti cha maandishi kinachoeleza aina na muda wa kazi aliyoifanya, hivyo kama uliondoka bila hicho andika barua pepe leo ukiombe, kisha kifanyiwe tafsiri rasmi. Hicho si shahada, kwa hiyo hakipelekwi Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kutambuliwa. Kiambatishe tu pamoja na vyeti vyako. Jiandikishe pia kwa huduma za ajira za serikali, TaESA, ambazo huwaunganisha wahitimu na nafasi za mafunzo kazini.

Usikidharau Kijerumani chako. Watalii wanaozungumza lugha hiyo ni wengi nchini, na mkoa wetu una michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ambayo inahitaji waongozaji wa kuieleza kwa lugha mbalimbali.

Mwanangu amerudi hapa Chamwino akiwa mwingine. Anambishia baba yake mbele ya wageni na kusema kwamba huko watu husema wazi. Tumekosea kumruhusu aende?

Mzazi mwenzangu, hamkukosea. Kijana wenu ametoka mahali ambapo msimamizi wake alimuuliza maoni na akakasirika alipokaa kimya, na mwaka mmoja unatosha kuifanya tabia hiyo iwe ya kawaida. Msimnyamazishe, kwa sababu akinyamazishwa atahamia chumbani na simu yake. Baba amchukue pembeni, wakiwa wawili tu, amwambie kwamba maoni yake yanatakiwa ila mahali pake ni baada ya wageni kuondoka, kisha siku hiyohiyo amuulize jambo la kweli, kama shamba la alizeti au uuzaji wa mbuzi, na asikilize jibu. Kijana atakubali adabu ya mahali na wakati iwapo ataona kwamba kuna wakati wake pia.

Nilirudi Mpwapwa bila tatizo, lakini nilipokwenda kumtembelea dada yangu Geita niliugua malaria vibaya kuliko wakati wowote. Kwa nini?

Kinga tuliyonayo watu wazima dhidi ya malaria ni ya sehemu tu, na hudumishwa kwa kuambukizwa mara kwa mara. Ukikaa mbali na ugonjwa huo, kinga hiyo hupungua. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi madogo, ilhali Geita ni miongoni mwa yenye maambukizi mengi. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila uendako, homa ikianza pima siku hiyohiyo, usimeze dawa bila kipimo, na mwambie mhudumu kwamba ulikuwa nje ya nchi mwaka mzima.

Nataka kurudi Ujerumani moja kwa moja. Ni vibaya?

Si vibaya, ila usiamue katika miezi hii ya kwanza, wakati kila kitu cha nyumbani kinakuudhi. Njia inayofaa kwa wengi ni mafunzo ya ufundi au uuguzi yenye mkataba na mwajiri, ambayo kwa kawaida hudai Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati, au zaidi. Jisajili kwa mtihani wa kiwango hicho, usome ukiwa hapa nyumbani, na ukishaufaulu ujiulize swali hili upya ukiwa na wazazi wako.