Printa Haisomi: Haisomi Nini?

SWALI: Ninaandaa mwongozo mfupi wa kutatua hitilafu za printa kubwa ya kuchapia ramani na mabango. Niiite printa, kichapishi au plota? Na je, "printa haisomi" ni Kiswahili sahihi?

JIBU: Jina lisikunyime usingizi. Printa tumeitoa kwenye Kiingereza. Kichapishi tumekiunda wenyewe kutokana na chapa, nayo chapa asili yake ni Kihindi, kwa hiyo anayejigamba kwa usafi wa kichapishi ajigambe kwa sauti ya chini. Plota zilikuwa mashine za kuchora kwa kalamu. Kalamu zikaondoka, jina likabaki. Chagua moja ulishike mpaka ukurasa wa mwisho.

Sasa tuje kwa huyu "haisomi", uliyemuulizia kwa upole asiostahili. Kisarufi hana kosa, na ndiyo maana anaponyoka kila mara. Kosa lake ni uvivu. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi ya mtenda na nafasi ya mtendwa, vyote ndani ya neno moja, lakini fundi anaiacha ya pili wazi kisha anataka msomaji abashiri.

Kompyuta haiioni printa? "Haisomi." Pengine waya wa USB umepita mita 5, au ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao, imeipa printa anwani mpya ya IP (namba yake kwenye mtandao) na kompyuta bado inatuma kazi kwenye ile ya zamani. Foleni inajaa, na printa imetulia, kioo chake kikisema "tayari". Hapo asiyesoma ni kompyuta, lakini lawama kabebeshwa printa! Ukitaka kumng'ang'ania soma, basi sema printa haisomeki.

Printa haiitambui katriji, yaani kikopo chake cha wino? "Haisomi." Chipu imeshika uchafu, au katriji haikukaa sawasawa. Printa haiioni karatasi? "Haisomi" tena, kumbe roli ya karatasi imeingia upande na sensa (kihisi cha printa) haikupata ukingo wake. Hitilafu tatu, tiba tatu, neno moja. Aliyeambiwa "haisomi" anaanza kusafisha katriji wakati tatizo liko kwenye ruta.

Najua kinachowatisha watu: zile i mbili. "Haiioni" inaonekana kama kosa la kuchapa, na mhariri mwenye haraka huifuta moja. Asiiguse! I ya kwanza ni ya kompyuta, ya pili ni ya printa. Ukifuta moja, umebaki na "haioni", yaani kompyuta kipofu. Wino ungekuwa rahisi zaidi, "haiutambui", lakini siwezi kuwaombea mafundi kila hitilafu iwe ya wino.

Kilichonimaliza kabisa ni fomu moja ya matengenezo. Printa ilikuwa imetoa mchoro mzima wa A0, milimita 841 kwa 1189, wenye michirizi myeupe kutoka ukingo hadi ukingo. Kompyuta ilituma, printa ikapokea, karatasi ikapita. Kilichokwama ni matundu ya hedi, sehemu inayorushia wino karatasini, yameziba. Dawa yake ni kuchapa karatasi ya jaribio, kuona mistari ipi imekatika, kisha kusafisha hedi. Fomu iliandika nini? "Printa haisomi." Ilisoma mchoro wote, jamani! Ilishindwa kuandika.

Kwa mwongozo wako, basi: "kompyuta haiioni printa", "printa haiitambui katriji", "printa haiioni karatasi", "printa inaacha michirizi". Kila kimoja kiwe kichwa cha sehemu yake, na chini yake hatua zake.

Fundi aliyelala chini ya meza akitafuta waya, mwache aseme "haisomi". Nimeshachoka kugombana na watu walioshika bisibisi. Akija kujaza fomu, mpe kalamu na umuulize: haisomi nini?