Maswali na majibu: diski ya kompyuta kuukuu inapogoma

Shikamoo fundi. Kompyuta yangu ya mezani inatoa mlio wa tak-tak-tak, kisha inaandika kwamba haioni diski. Ndani kuna picha zote za harusi ya wazazi wangu. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Izime sasa hivi, na usiiwashe tena kwa kubahatisha. Mlio huo hutokea vichwa vya kusomea vinaposhindwa kupata njia yake juu ya sahani inayozunguka, vikarudi mwanzo na kujaribu upya. Kichwa kibovu kinaweza kukwaruza sahani, na palipokwaruzwa hapasomeki tena hata na bingwa. Hakuna programu inayotibu hali hiyo. Usiifungue diski nyumbani: kichwa huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, chembe moja ya vumbi inatosha kuleta maafa. Na wanaokushauri uiweke kwenye friza usiwasikilize. Ikitoka kwenye baridi inashika unyevu ndani. Kama picha hizo hazina nakala popote, tafuta wanaorejesha data wenye chumba maalumu kisicho na vumbi. Kazi hiyo ni ghali, kwa hiyo uliza gharama ya uchunguzi kabla ya kuwaachia diski.

Kaka, yangu nayo haioni diski, ila haina mlio wa ajabu. Fundi wa mtaani ameniambia ninunue mpya. (Msomaji, Kisumu)

Usitoe pesa bado. Chomoa waya wa umeme, fungua kava, kisha chomoa na urudishe kebo mbili za diski: ile nyembamba ya data na ile pana ya umeme. Badilisha kebo ya data kwa nyingine nzima, halafu jaribu tundu jingine kwenye ubao mama (ubao mkuu wa ndani). Kebo ni rahisi mno ukilinganisha na diski, na hulegea zenyewe kwenye mashine iliyohamishwahamishwa. Ukiwasha, gusa ubavu wa diski kwa kidole. Ukihisi mtetemo mdogo, inazunguka.

Angalia pia saa ya kompyuta. Ikiwa kila asubuhi inarudi miaka nyuma, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao imeisha, na bayosi (programu inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa) inasahau mipangilio yake, pamoja na namna ya kuzungumza na diski (huitwa AHCI au IDE). Mpangilio huo ukibadilika, Windows inaweza kukataa kuwaka ilhali diski ni nzima. Nimeona diski nzuri zikitupwa kwa sababu ya betri, na inaniuma kila mara.

CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, inaonyesha rangi ya njano, lakini kompyuta bado inawaka, ingawa kwa kujivuta. Niendeshe chkdsk, kikaguzi cha diski cha Windows, irekebishe? (Msomaji, Mbeya)

Hapana! Nakili kwanza. Njano hiyo kwa kawaida hutokana na mstari wa 05, sekta (vipande vidogo vya diski) mbovu zilizokwisha kuhamishwa, au C5, sekta zinazosubiri kwa kuwa hazisomeki. Mstari wa C5 ukizidi kupanda, diski inaondoka. Amri ya chkdsk /r huilazimisha kusoma kila sehemu, mbovu na nzima, na diski dhaifu inaweza kufia hapo hapo. Kama kinachopanda ni C7 pekee, yaani makosa ya kusafirisha data, shuku kebo. Namba hiyo haishuki kamwe, ila ukibadilisha kebo ikaacha kupanda, umepata mchawi.

Hamisha mafaili muhimu kabla ya mengine. Yakikwama, washa kompyuta kwa flashi yenye Linux (mfumo endeshi wa bure) na utumie ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Uzuri wake ni kwamba huchukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi, kisha ndipo hurudia magumu, na huandika ramani ya kazi ili umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Hakikisha mara mbili ipi ni diski ya zamani na ipi ni mpya. Ukizigeuza, utafuta ulichotaka kuokoa.

Mashine yangu ni ya mwaka 2002, kebo yake ni pana kama utepe. Nitapata diski? (Msomaji, Tanga)

Hiyo ni IDE, muunganisho wa zamani wa diski, pini 40. Mpya ni adimu. Tafuta iliyotumika, au kigeuzi cha kuunganisha diski ya SATA, muunganisho uliofuata baada ya IDE. Panga jampa (kipande kidogo cha kuunganisha pini nyuma ya diski) sawasawa, na ujue kwamba bayosi nyingi za zamani haziioni diski inayozidi GB 137.

Mwanangu, laptopu yangu ya mwaka 2011 inafaa kuwekewa SSD, au nihesabu nimepoteza? (Mama msomaji, Mombasa)

Shikamoo mama. Inafaa sana. Diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa kufika penye kila faili. SSD, diski ya chipu tupu, haina cha kuzungusha. Nunua ya inchi 2.5 ya SATA. Kwa barua na picha, GB 240 zinatosha. Nyingi zina unene wa milimita 7, na nafasi ya laptopu yako huenda ni 9.5, kwa hiyo omba fremu ya kujazia isicheze. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya umri huo haikidhi masharti ya Windows 11, basi mwambie fundi akuwekee Linux Mint. Diski ya zamani mdai akurudishie mkononi, hata kama imekufa, maana mafaili yako bado yamo.