Nimeitwa Mwizi wa Pesa za Chama, na Wakili Simwezi

SWALI: Mhariri, mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Nakuru. Mwezi uliopita mwenzetu aliandika katika kundi letu la WhatsApp, lenye watu 34, kwamba nimekula pesa za chama. Tangu siku hiyo hata wateja wa kibanda changu wamenipa kisogo. Je, naweza kumshtaki katika Mahakama ya Madai Madogo, maana wakili simwezi?
Mweka Hazina, Nakuru

JIBU: Pole sana, dada. Mlango huo umefungwa: Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, ingawa inaruhusu madai ya hadi shilingi 1,000,000, inakataza waziwazi madai ya kashfa, yaani maneno ya uongo yanayomharibia mtu jina, kupelekwa huko. Kwa polisi nako huwezi kuitegemea Kanuni ya Adhabu, kwa sababu Mahakama Kuu iliamua mwaka 2017 kwamba kifungu chake cha 194, kilichoifanya kashfa kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Inayobaki ni kesi ya madai mbele ya hakimu, ambayo ukishindwa huenda ukabebeshwa na gharama za mwenzako.

Kwanza fungua daftari. Sisemi hivi kwa kukushuku. Ni kwamba mshtakiwa akithibitisha ukweli wa maneno yake kesi huanguka, na kinyume chake, hesabu zikikaguliwa na wanachama wawili wasioegemea upande wowote zitakusafisha mapema kuliko hukumu. Hifadhi picha za ujumbe wenyewe pamoja na tarehe yake, wala usimjibu kwa matusi, usije ukampa naye la kukushtakia.

Kisha mwandikie barua wewe mwenyewe. Nukuu maneno yake yalivyo, eleza uongo uko wapi, na umpe wiki mbili ayakanushe na kuomba radhi katika kundi lilelile, kwa kuwa radhi ya pembeni haiwafikii wale waliosoma tuhuma. Akikaidi, mwombeni mzee wa mtaa, chifu au mtu mnayemheshimu nyote awapatanishe. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, inahimiza upatanishi. Mpatanishi hana nguvu za kumlazimisha mtu, kwa hiyo mtakachokubaliana kiandikwe na kitiwe sahihi mbele ya mashahidi.

Angalia tu kalenda. Kesi ya kashfa hufunguliwa ndani ya miezi 12 tangu maneno yatolewe, na mazungumzo hayasimamishi hesabu hiyo. Akikuzungusha hadi mwezi wa tisa wa hiyo 12, nenda kwenye sajili ya mahakama ya hakimu iliyo karibu nawe.