Epo kwa watoto wa awali

Mwalimu mwenzangu wa Tabora, habari za kazi. Umeuliza ufanyeje epo zisigeuke kahawia kabla watoto hawajala. Kamulia ndimu kwenye bakuli la maji safi, kila kipande kitumbukie humo mara tu unapokikata. Kisu ushike wewe. Wao waoshe, wapange, wapake. Kata vyembamba kama karatasi, hasa kwa wadogo, maana kipande kinene na kigumu humkaba mtoto. Cha kupaka? Asali ya miombo mnayo hapo hapo, sioni haja ya jemu ya dukani. Siagi ya karanga nayo tamu, ila waulize wazazi kwanza kama kuna mtoto anayedhurika na karanga. Maji ya kunawa yawe tayari, vidole vitanata hadi kwenye madaftari.